Mtungi wa Kona ya Mwisho

Hapo zamani, zamani ile ambayo ukungu ulikuwa bado na tabia ya kuteremka mchana kweupe na kuketi mlimani kama mgeni asiyebisha hodi, palikuwa na njia moja tu ya kuvuka mlima. Njia yenyewe nyembamba. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hakuna kitu. Ukiangusha jiwe upande ule husikii limefika. Unasubiri, unasubiri, mwisho unajitwika mzigo wako na kuendelea.

Ukungu ukishashuka, macho hayana kazi. Ukinyoosha mkono, mkono unapotea. Basi watu wa mlima ule walitembea kwa masikio. Kwenye kila kona ya njia uliwekwa mtungi mkubwa juu ya jiwe, mdomo umeelekezwa upepo unakotoka, na upepo ukipita mdomoni, mtungi unaimba. Huuuum. Mtu anayekuja anasimama, anasikiliza, anasema moyoni, "Hii ni sauti ya Kona ya Nyuki, nikate kushoto polepole." Anakata. Anafika kwake, anakula ugali wake, analala.

Mitungi hiyo ilinunuliwa na nyumba ya mfalme. Mwanzoni ilinunuliwa mahali pamoja, kwenye tanuru kubwa la Senzige kule kivukoni, kwa sababu tanuru lile lilitoa mitungi mingi, haraka, na kwa bei ya kupendeza. Lakini mitungi iliyozaliwa na tanuru moja huwa na sauti moja. Kona hii huuuum, kona ile huuuum. Mtu ndani ya ukungu hajui yuko wapi. Anakata kushoto mahali pasipo na kushoto. Watu wakapotea mpaka mfalme mwenyewe akakosa usingizi, akapiga mbiu:

"Kuanzia leo, nyumba yangu ikinunua mitungi ya njia isinunue kwenye moto mmoja. Liwekwe fungu la moto mdogo. Fungu la mjane, la mgeni, la asiye na tanuru wala ukoo wa kumchimbia udongo. Na moto mdogo ni ule ambao mnunuzi wangu anaweza kuuzunguka kwa pumzi moja."

Hiyo ndiyo ikawa sheria ya mlima. Pumzi moja.

Sasa palikuwa na mwanamke mmoja akiitwa Naetwe. Mumewe, Mrutu, alikuwa mchukuzi wa chumvi. Siku moja Mrutu alikuja na mzigo wake ndani ya ukungu mpaka kona ya mwisho, ile mbaya kuliko zote, akasikia mtungi ukiimba kwa sauti aliyodhani ni ya kivukoni. Labda alisema, "Ah, nimefika." Akapiga hatua.

Mtungi ule ulikuwa umenunuliwa kwenye fungu la moto mdogo, kwa jina la bibi mmoja maskini aitwaye Mbonea. Lakini Mbonea hakuufinyanga. Senzige alimkalisha bibi yule mbele ya ua wake, akamwashia kijimoto cha kuotea, akamwekea pembeni lundo la udongo mwekundu ili aonekane mfinyanzi. Mnunuzi wa mfalme akija anazunguka kijimoto, pumzi inamtosha, anaridhika. Kisha mitungi inatolewa mlango wa nyuma, kwenye tanuru kubwa lile lile, na sauti ile ile. Mbonea anapata uji asubuhi, ugali jioni, na blanketi la baridi. Mlima mzima ulijua. Hakuna aliyesema, kwani nani angempokonya mzee bakuli lake la uji?

Na Mbonea huyo alikuwa shangazi wa Mrutu, dada wa baba yake, tumbo moja.

Naetwe alikaa eda yake, akalia machozi yake yakaisha. Siku alipotoka ndani, alichukua jembe akaenda kuchimba udongo kwenye kijishimo alichoachiwa na mumewe nyuma ya nyumba. Kufinyanga alifundishwa na Mbonea, enzi zile bibi alipokuwa bado akishika udongo wake mwenyewe. Akafinyanga mtungi, akawasha moto uani. Moto mdogo kama kikapu. Mnunuzi wa mfalme, mzee mnene aliyeitwa Kalaghe, akauzunguka kwa pumzi moja na pumzi ikabaki ya kuombea maji ya kunywa.

"Mama, una moto wa ndege," alisema.

"Ndege naye ana kiota, baba. Kunywa maji."

Kalaghe akacheka, akatumbukiza kidole gumba kwenye chokaa mbichi ya mfalme, akagonga alama kwenye mtungi. Naetwe akapata kona yake ya kwanza. Sauti ya mtungi wake ilikuwa nyororo, yenye kukwaruza kidogo mwishoni, kama mtu anayekuita jina akiwa na usingizi.

Ukapita muda, akaja mwanamke aitwaye Mkunde, amefukuzwa kwa mumewe kwa kutozaa. Akasimama uani. "Dada, sina kitu. Nina mikono tu."

"Mikono inatosha. Kaa."

Akaja mwingine na watoto kila upande wa kanga. "Dada, nina mikono tu."

"Mikono inatosha. Kaa."

Akaja mwenye jicho moja na maneno ya watu wanne. "Dada, nina mikono, na hadithi ninazo." Naetwe akasema, "Mikono inatosha, hadithi utaziacha getini." Hakuziacha. Ua ule ukajaa vicheko na wimbo wa kuponda udongo, na jioni sufuria la ugali likawa la kupakuliwa kwa sepetu. Kila aliyekuja, moto ulisogea nje kidogo. Kila aliyekuja, moto ulisogea nje kidogo.

Mwaka ule wa mwisho Kalaghe alipouzunguka, alivimba mashavu, akawa mwekundu, akawa wa zambarau, na hatua za mwisho alizimaliza kwa kukimbia. Alipoachia pumzi alishikilia nguzo ya jiko.

"Mama Naetwe," alisema akihema, "mwakani ama unipunguzie moto ama mimi nipunguze tumbo. Na tumbo hili unaliona lilivyo."

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Naetwe alicheka pia. Lakini usiku alipolala, hakuwa anacheka.

Ukaja msimu wa baridi kali, na mtungi wa kona ya mwisho ukapasuka. Ukawa bubu. Mbiu ikapita vijijini: "Nyumba ya mfalme inataka mtungi wa kona ya mwisho, utoke kwenye fungu la moto mdogo. Atakayegongewa alama atapewa shimo jekundu la mfalme, achimbe udongo yeye na watoto wake na watoto wa watoto wake. Mnunuzi atafika mwezi ukiandama."

Naetwe aliisikia mbiu ile akiwa ameshika udongo, na udongo ukamponyoka. Kona ile! Miaka yote hiyo hakuwahi kuikanyaga tena. Akitaka kufika upande wa pili, aliuzunguka mlima kwa bondeni, mwendo wa kutwa nzima, asiione. Lakini katika ndoto aliiona. Katika ndoto Mrutu alikuwa amesimama pale na mzigo wake wa chumvi, ameinamisha sikio, anasubiri kusikia kitu anachokijua. Naye Naetwe anafungua kinywa kumwita na sauti haitoki.

Tena kijishimo cha nyuma ya nyumba kilikuwa kimefika kwenye mwamba. Udongo ulikuwa unaisha. Bila shimo jekundu, wale wote wenye mikono mitupu wangerudi walikotoka.

Akamwita Mkunde. "Mdogo wangu, chukua wenzako wote mvuke mlima. Nendeni kwa kaka yangu mkampalilie mahindi. Msirudi mpaka mnunuzi awe amekuja na kuondoka."

Mkunde akamtazama. "Unatuficha?"

"Naficha moto."

"Moto ni sisi, dada."

"Ndiyo maana."

Mkunde alisonya, si sana. "Tulipokuja hapa hatukuwa na pa kwenda. Leo tuna pa kwenda, nako ni kujificha." Lakini alikwenda. Wote walikwenda, wamejitwika majembe, na ua ukabaki kimya mpaka kuku wakashangaa.

Sasa nisikilizeni hapa. Wafinyanzi wa mlima ule walikuwa na desturi ya kutaja mikono. Kabla ya moto kuwashwa, kila mkono uliogusa mtungi, hata wa mtoto aliyeleta maji, hutajwa jina mbele ya kuni. Moto, walisema, ni kama mwenye nyumba, unataka kujua ni nani ameingia. Naetwe alikuwa na mitungi mizuri uani, ameifinyanga na wenzake wote. Akaipanga, akaweka kuni. Akaogopa. Akafikiri, nikiyataja majina yao kwa sauti, jirani atasikia, na mnunuzi ataulizia. Akasema polepole:

"Moto, mimi ni Naetwe. Mikono ni yangu."

Akawasha. Moto ukawaka vizuri, wa dhahabu, hauna moshi. Kisha ikasikika, ta! Kisha ta! Kisha ta, ta, ta, kama mtu anayepiga makofi akienda zake. Asubuhi alipofukua majivu hapakuwa na mtungi hata mmoja. Vigae vitupu.

Akavikusanya kwenye tenga, akaenda kuvitupa korongoni. Huko akamkuta msichana anayeitwa Nakiete, ameinama, anaokota.

Nakiete alikuwa mgeni. Watu wake walipanda kutoka tambarare wakikimbia ukame, wakafa njiani wengine, wakatawanyika wengine, akabaki yeye na kibanda cha majani chini ya mlima. Kwa desturi, mgeni hachimbi shimo la ukoo wa mtu. Basi aliokota vigae, akavisaga juu ya jiwe mpaka vikawa unga, akachanganya na tope la mtoni. Vyungu vyake vilikuwa vibaya vya sura, lakini vilikuwa vigumu kama kichwa cha mbuzi dume.

"Shikamoo, mama. Hivi unavitupa?"

"Marahaba. Ulitaka nivivae?"

"Nipe basi."

"Chukua," alisema Naetwe, na moyo wake ulikuwa mchungu. "Chukua vyote. Hata bahati yangu imo humo, kaisage."

"Ahsante, mama," alisema Nakiete, kana kwamba amepewa kitu cha heshima.

Lakini tope la mtoni halikutosha kwa mtungi wa njia. Nakiete akateremka mpaka kivukoni kuomba udongo. Watu wa Senzige wakamfukuza kama mbuzi aliyeingia shambani. Mbonea alikuwa amekaa pale mbele ya kijimoto chake, amejifunga blanketi, ameona yote.

"We mtoto," alisema. "Njoo hapa. Unataka udongo wa nini?"

"Wa mtungi wa kona ya mwisho, bibi."

Mbonea akatazama lundo lile jekundu lililokaa pembeni yake miaka na miaka bila kuguswa, limekuwa kama kaburi lililofagiliwa. "Chota," alisema. "Chota lote. Mimi nimechoka kulitazama, nalo limechoka kunitazama."

Senzige aliposikia, akamwambia Mbonea aache bakuli na blanketi aende anakotaka. Akaacha bakuli. Blanketi alikwenda nalo. Akafuata unyayo wa msichana mpaka kibandani, akaketi mlangoni. "Umenimalizia uji wangu," alisema. "Sasa nilishe."

Nakiete akafinyanga. Unga wa vigae vya Naetwe, udongo wa Mbonea, mikono yake yeye. Mtungi ukasimama mkubwa, mabega mapana, shingo imeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Akauanika kibandani mpaka ukakauka. Tatizo likabaki moja. Hakuwa na moto. Kuni za mlima zilikuwa na wenyewe, na kibanda cha majani ukiwasha moto unakiaga.

Siku ya mnunuzi ikafika. Naetwe alikuwa na mtungi mmoja wa mwaka jana, ameufuta vumbi. Akawasha moto mdogo uani, mdogo kama zamani, hauna kitu ndani. Nakiete akaja na mtungi mgongoni, Mbonea nyuma yake na fimbo.

"Hodi, mama. Moto huu unapika nini?"

"Unapika macho ya mnunuzi."

"Basi kwa kuwa tumbo lake ni tupu, niwekee wangu."

Naetwe akamwona Mbonea. Tangu Mrutu apotee hawakuwahi kusimama ua mmoja. "Shangazi," alisema. Hakuamkia.

"Nimekuja kuota moto," alisema Mbonea. "Ukitaka niondoke, sema."

Naetwe akasogeza kuni pembeni, wakauweka mtungi ndani. Kisha Nakiete akapiga magoti, na bila kuulizwa na mtu akaanza kutaja mikono. "Moto, mimi Nakiete, nimefinyanga. Udongo ni wa bibi Mbonea. Vigae ni vya mama Naetwe, na vya Mkunde, na vya yule mwenye watoto, na vya yule mwenye jicho moja ambaye hucheka nikipita." Akawataja wote. Naetwe alisimama pale akisikia majina aliyoyameza yakitoka kinywani mwa mgeni, na masikio yake yakawaka kuliko kuni.

Mtungi haukusema ta. Ulikaa motoni ukawa mwekundu, ukawa mweusi, ukapoa rangi ya jioni.

Ulikuwa bado na joto wakati Naetwe aliposikia wimbo. Kwa mbali, juu kabisa ya mlima, upande wa pili wa kona ya mwisho, wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa kuponda udongo. Wanarudi! Wamechoka kupalilia mahindi ya watu. Moyo wake ukaruka kwa furaha, na kabla haujatua, ukungu ukashuka.

Ulishuka mweupe, mzito, bila haraka. Ukafunika kilele, ukafunika njia, ukafunika wimbo katikati ya neno. Kimya. Na pale kona ya mwisho palikuwa na mtungi bubu.

"Nakiete," alisema Naetwe, "nipe mtungi wako."

"Mnunuzi bado hajauona, mama. Ukivunjika sina mwingine."

"Mwanangu, nipe."

Nakiete akamtazama usoni. Kisha akavua kanga, akaufunga mtungi ule wa moto, akaubeba mwenyewe. "Njia siijui," alisema. "Tangulia."

Wakapanda. Naetwe mbele, mkono ukutani. Nakiete nyuma yake, ameshika pindo la nguo yake. Mbonea wa mwisho, ameshika pindo la Nakiete na kunung'unika kwamba magoti yake yalikuwa ya kivukoni, hayakuumbiwa mawinguni. Ndani ya ukungu ule hapakuwa na juu wala chini. Walitembea kama watu wanaoota ndoto moja. Naetwe alipita Kona ya Nyuki, akasikia mtungi wake mwenyewe wa miaka ya mwanzo ukimwita kwa usingizi, akapita. Na pale jiwe la mwisho lilipogusa kiganja chake, alisimama. Ni hapa. Upande ule mwingine ukungu ulikuwa unapumua, unapanda na kushuka, na alidhani akinyoosha mkono angegusa mzigo wa chumvi.

"Mama," Nakiete alinong'ona, "weka."

Wakautua mtungi juu ya jiwe. Haukuimba. Naetwe akaugeuza kidogo, akalamba kidole akakiinua, akatafuta upepo. Akaugeuza tena. Akashusha shingo ya mtungi upande wa ukuta. Na upepo ukaingia.

Haikuwa sauti aliyowahi kuisikia. Chini kabisa kulikuwa na ngurumo nene ya udongo wa kivukoni, ile ile iliyomdanganya Mrutu, lakini safari hii haikuwa peke yake. Juu yake ilipanda ile sauti nyororo yenye kukwaruza, sauti yake yeye. Na katikati yao ilipita nyingine, kavu, ya tambarare, kama nyasi ndefu zikipitwa na upepo mchana. Sauti tatu ndani ya kinywa kimoja. Naetwe aliketi chini akafunika uso kwa kanga.

"Simameni!" iliita sauti ya Mkunde ndani ya weupe. "Simameni hapo hapo, hiyo ni kona ya mwisho! Mnasikia? Shikeni ukuta!"

Wakatoka kwenye ukungu mmoja mmoja, mkono begani mwa mwenzake, na wa mwisho kabisa, ameshikilia jembe la yule mwenye jicho moja kama mtoto, alikuwa mzee Kalaghe.

"Mimi nilikuwa nakata kushoto," alisema, na midomo yake ilikuwa myeupe. "Nilikuwa nimeshainua mguu."

"Tulimwokota njiani," alisema Mkunde. "Kasafiri nasi toka asubuhi. Mcheshi kama kawaida yake. Tumemweleza yote, dada, jinsi tulivyo wengi, jinsi moto wetu ulivyo mkubwa." Kisha akaona uso wa Naetwe, akashika mdomo. "Wee! Kumbe tulikuwa tumefichwa!"

"Mlikuwa," alisema Naetwe.

Kalaghe akaketi juu ya jiwe mpaka pumzi ikamrudia. Akatoa kibuyu chake cha chokaa, akatumbukiza kidole gumba, akasimama mbele ya mtungi unaoimba. "Mtungi huu nitaugonga alama hata mfalme akinikata kidole," alisema. "Haya. Ni wa moto wa nani?"

Hapo mtungi peke yake ukawa unaongea.

Nakiete alisema kwanza. "Baba, mikono ni yangu. Sheria ni ya mgeni, asiye na tanuru wala ukoo, na ndiye mimi. Kama si mimi kuinama korongoni, vigae vingebaki vigae na udongo wa bibi ungebaki lundo. Nipe mimi."

"Binti, moto wako uko wapi niuzunguke?"

"Sina moto, baba."

"Fungu ni la moto mdogo," alisema Kalaghe kwa huzuni. "Wewe moto huna kabisa."

"Basi niko chini ya mdogo! Sheria gani hiyo inayomwona mdogo na haimwoni asiye na kitu?"

Naetwe akainuka. "Moto ni wangu. Vigae ni vyangu na vya hawa. Mimi ndiye niliyeugeuzia upepo, na bila hivyo msingekuwa hapa kubishana. Na kona hii, mzee Kalaghe, unajua ni ya nani. Nipe sauti yangu ikae hapa. Nisipopata shimo jekundu, hawa wote wanatawanyika."

"Moto wako wa leo au moto wako wa kweli?" aliuliza Kalaghe. "Maana huo wa kweli nilikaribia kufa nikiuzunguka. Ukawaficha hawa wasionekane. Na ni wewe uliyewatuma kupita njia hii."

"Nilikuwa mdogo nikakua," alisema Naetwe. "Mlininyanyua ili nianguke nikifika juu? Ningewafukuza hawa, ningebaki mdogo, na ningekupendeza."

Mbonea alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika blanketi. "Na mimi niseme," alisema. "Udongo ni wangu. Nimeutoa, na uji wangu umekwenda nao. Leo katika mlima huu hakuna mdogo kama mimi. Sina moto, sina bakuli, sina meno."

"Shangazi!" Naetwe aligeuka. "Wewe! Jina lako ndilo lililosimama hapa Mrutu alipopita!"

"Najua lilikosimama," alisema Mbonea. "Kila siku nilikunywa uji nikijua. Mtoto wa kaka yangu yule. Ndiyo maana nataka alama. Mara moja tu, kabla sijafa, jina langu liwe juu ya mtungi unaosema kweli."

Mkunde naye akafungua mdomo kusema kuna mikono mingine hapa, wakamwambia nyamaza, akanyamaza nusu.

Kalaghe akanyoosha kidole gumba cheupe. Akakipeleka kwa Nakiete, akakirudisha. Akakipeleka kwa Naetwe, akakirudisha. Akamtazama bibi mwenye blanketi. "Tugawane," alinong'ona mmoja wa wanawake, lakini alama ya mfalme ni moja, na shimo jekundu lina mlango mmoja, na chokaa ikikauka kidoleni haigongi tena. Ukungu ulikuwa unaanza kunyanyuka chini ya miguu yao, na mtungi ulikuwa unaimba kwa sauti zote tatu, nani juu, nani chini, hakuna aliyeweza kuzitenganisha.

Na kidole cha mzee Kalaghe mpaka hapa nilipofika mimi kiko hewani, kinakauka. Basi msimwache peke yake kule juu. Yupo aliyefinyanga ambaye moto hana. Yupo mwenye moto ambaye si mdogo tena. Yupo mdogo kuliko wote ambaye jina lake liliwahi kuua. Vuteni pumzi moja mniambie, ninyi mliokaa hapa: je, nani alistahili?